Pasata ya Kiitaliano Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuhifadhi Nyanya Chupani Bila Kuharibika

Kila Septemba na Oktoba naletewa picha zilezile. Chupa ya nyanya yenye ukungu wa kijivu shingoni. Chupa yenye maji ya njano chini na rojo linaloelea juu. Kifuniko kilichovimba kama shavu la mtoto mwenye jino bovu. Swali nalo halibadiliki: "Nimefuata kila kitu, nimekosea wapi?"

Nikihoji kidogo, kosa huwa si la mapishi. Nyanya zilipikwa vizuri, ila kazi iliishia pale chupa ilipofungwa. Wengi wanaamini kuhifadhi ni kupika rojo, kulimimina likiwa la moto, kukaza kifuniko na kugeuza chupa kichwa chini. Hiyo ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu rahisi.

Mimi naishi Campania, kusini mwa Italia, na kazi hii nimefundishwa na mama mwenye nyumba wangu. Yeye hutengeneza chupa zake za mwaka mzima katikati ya Agosti, siku za kuzunguka sikukuu ya Ferragosto, tarehe 15. Njia iliyo hapa ni yake, isipokuwa mambo mawili ambayo yeye hana habari nayo na mimi siyaachi: limau na saa.

## Andaa hivi kwanza

Anza na kilo 10. Usivutwe na Waitaliano wanaonunua kilo 200 kwa siku moja. Wana shangazi, wajomba na pipa la chuma uani. Kilo 10 zitakupa takribani lita 5 hadi 6 za pasata, yaani nyanya zilizopikwa na kukamuliwa maganda na mbegu. Hizo ni chupa 10 hadi 12 za nusu lita.

- Nyanya ndefu zenye nyama nyingi. Hapa tunatumia San Marzano au Roma. Ukiwa Afrika Mashariki, Rio Grande, Cal-J na Roma zinafaa sana. Nyanya za duara zenye maji mengi zinawezekana, ila utakaa jikoni muda mrefu zaidi na utapata kidogo.
- Chupa 12 za kioo za nusu lita, zenye mdomo mpana, pamoja na mbili za akiba. Ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi chakula. Chupa ya kahawa au ya mayonezi mara nyingi huwa na kioo chembamba kisichostahimili kuchemshwa.
- Vifuniko vipya. Chupa itatumika miaka, kifuniko mara moja. Ule mpira mwembamba wa ndani ukishabanwa na joto mwaka jana, mwaka huu haubani tena vizuri.
- Maji ya limau ya chupa ya dukani, au asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki.
- Sufuria kubwa ya kupikia, ya stili au yenye enameli. Usipike kwenye alumini. Uchachu wa nyanya huila alumini na rojo hupata ladha ya bati.
- Sufuria nyingine ndefu ya kuchemshia chupa. Hii ikiwa ya alumini si tatizo, kwa sababu nyanya hazitaigusa.
- Mashine ya mkono ya kukamua nyanya, ile yenye mpini wa kuzungusha. Kama huna, chujio la waya lililo imara na mwiko wa mti.
- Faneli, upawa, koleo la kushikia chupa, matambara safi ya kutosha, na saa au simu yenye kengele.

Vitunguu, kitunguu saumu, karoti, pilipili hoho na mafuta viache kabatini. Najua vinanukia. Lakini mboga hizo hupunguza uchachu wa chupa, na uchachu ndio mlinzi wako. Mchuzi utaupika siku utakapofungua chupa.

## Kitu kimoja cha kuogopa

Ukungu unaonekana na unanuka, kwa hiyo unajitangaza. Hatari kubwa zaidi haijitangazi: sumu ya botulizimu. Bakteria wake hukaa udongoni, na spora zake, yaani vimbegu vyake vilivyolala, hazifi kwa maji yanayochemka kwenye nyuzi 100. Zikiwekwa mahali pasipo na hewa, penye unyevu na uchachu mdogo, huamka na kutengeneza sumu inayopooza mishipa ya fahamu. Chupa iliyofungwa vizuri haina hewa, na ina unyevu. Kilichobaki mkononi mwako ni uchachu tu.

Mpaka wa usalama ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda). Chini ya hapo spora haziamki. Tatizo ni kwamba nyanya hukaa palepale mpakani: nyingine zina 4.3, nyingine 4.8, kutegemea aina, udongo na zilivyoiva. Huwezi kujua kwa kuonja, maana nyanya tamu inaweza kuwa na uchachu wa kutosha ila sukari imeuficha. Ndiyo maana natia limau katika kila chupa, bila kubagua.

Mama mwenye nyumba hunicheka. Anasema mama yake hakutia, bibi yake hakutia. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Italia ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye visa vingi vya botulizimu, na vyakula vilivyohifadhiwa nyumbani vina sehemu kubwa katika visa hivyo. Mimi natia limau, na pasata yangu anaila.

## Hatua ya 1: Chagua nyanya na uzipumzishe

Nyanya iwe nyekundu mpaka kwenye kikonyo na bado iwe ngumu kiasi. Ukiibonyeza kwa kidole gumba, inarudi.

Zikiwa na rangi ya machungwa, zitandaze kivulini juu ya gunia au magazeti kwa siku mbili tatu, safu moja tu, na uzipitie kila asubuhi. Katika vijiji vya huku, mwezi wa Agosti, sakafu za gereji huwa nyekundu na magari hulala barabarani.

Toa zilizopasuka, zilizoota ukungu na zenye madoa laini. Usikate upande mbovu ukahifadhi uliobaki, kwa kuwa ukungu ulioanza hupunguza uchachu kuzunguka pale ulipoota. Achana pia na nyanya zilizochumwa kwenye mashina yaliyokwisha kufa. Na ukipita sokoni jioni ukakuta tenga la nyanya masalo kwa bei ya kutupa, nunua ukapike mchuzi wa usiku huo. Hazifai chupani.

## Hatua ya 2: Osha nyanya, osha chupa

Nyanya zipite maji mawili, ya kwanza ya kutoa udongo, ya pili ya kusuuza.

Pitisha kidole kwenye mdomo wa kila chupa. Ukisikia pengo hata dogo, chupa hiyo iende kuwekwa maua. Osha nyingine kwa sabuni na maji ya moto, suuza sana.

Wengi hupoteza gesi hapa kwa kuchemsha chupa tupu nusu saa nzima. Huna haja. Chupa zitachemka zikiwa zimejaa kwa zaidi ya dakika 30 baadaye, na huko ndiko zitakakosafishwa. Unachotaka sasa ni chupa ya moto, kwa sababu rojo linalochemka likimiminwa kwenye kioo baridi, kioo hupasuka. Ziache ndani ya maji ya moto mpaka zamu yake ifike.

## Hatua ya 3: Kata na uchemshe papo hapo

Hapa ndipo yanapozaliwa yale maji ya njano yanayojitenga chini ya chupa, na karibu hakuna anayejua.

Ndani ya nyanya kuna pektini, kitu kinacholifanya rojo lishikamane. Ukiikata, vimeng'enya vya nyanya yenyewe huanza kuivunjavunja pektini hiyo mara moja. Joto kali huvizima. Kwa hiyo ukikata beseni zima, ukafunika, ukaenda kunywa chai, ukirudi pektini imeshavunjika. Utapika saa nzima na bado maji yatajitenga.

Fanya hivi. Weka sufuria kwenye moto mkali. Kata nyanya kama nusu kilo vipande vinne vinne, toa kile kigumu cha kwenye kikonyo, zitupe sufuriani na uziponde kwa mwiko mpaka zichemke kwa maji yake. Usiongeze maji hata tone. Sasa endelea kukata nyingine na kuzitia kidogo kidogo, mkono mmoja baada ya mwingine, huku sufuria haiachi kuchemka. Ukiwa na msaidizi, mmoja akate na mwingine akoroge. Ukiwa peke yako, punguza kasi, lakini moto usipungue.

Nyanya zote zikishaingia, chemsha dakika 5 hadi 10 zaidi.

Utajua umefaulu maganda yakianza kujikunja na kuachana na nyama, na mwiko ukipita bila kukutana na kipande kigumu.

## Hatua ya 4: Kamua, kisha kamua tena

Mimina nyanya kwenye mashine zikiwa bado za moto. Rojo litatoka upande mmoja, maganda na mbegu upande mwingine.

Usitupe maganda. Yarudishe kwenye mashine mara ya pili, ikibidi mara ya tatu. Rojo zito na jekundu kuliko yote hung'ang'ania kwenye ganda. Lile la mara ya kwanza ni la majimaji. Mama mwenye nyumba hukagua maganda ya majirani: yakiwa bado na unyevu, hasemi neno, anayamwaga tu juu ya mashine tena.

Kwa mwenye chujio, tia upawa mmoja mmoja na usugue kwa mgongo wa mwiko. Ni kazi ya bega, lakini kwa kilo 10 inawezekana.

Blenda usiitumie kwa hatua hii. Inavunja mbegu na kuleta uchungu, halafu inapiga hewa ndani ya rojo. Pasata inakuwa ya waridi yenye povu badala ya nyekundu.

## Hatua ya 5: Punguza maji

Rudisha rojo kwenye sufuria ya stili, moto wa wastani, bila kufunika. Koroga mpaka chini ya sufuria, maana rojo likishaanza kuwa zito huungua kimyakimya. Kwa nyanya ndefu, dakika 20 hadi 40 zinatosha. Za maji zinaweza kuchukua saa moja na zaidi.

Pima hivi: dondosha kijiko kimoja kwenye sahani baridi na usubiri nusu dakika. Pete ya maji ikikimbia kutoka pembeni, endelea. Rojo likikaa mahali pake na pete ni nyembamba tu, zima.

Usipunguze kupita nusu ya kiasi ulichoanza nacho. Rojo zito sana hupitisha joto polepole, na dakika nitakazokupa katika Hatua ya 8 hazitatosha kufika katikati ya chupa. Ukitaka nyanya za kopo zile nzito, Wasisilia wana njia yake: wanaianika pasata yenye chumvi juani kwenye mbao pana na kuigeuza siku kadhaa mpaka iwe kama udongo wa mfinyanzi. Hiyo ni kazi nyingine yenye mwongozo wake.

## Hatua ya 6: Limau kwanza, pasata baadaye

Toa chupa kwenye maji ya moto, kung'uta, na utie asidi moja kwa moja ndani ya kila chupa kabla ya kumimina chochote:

- Chupa ya nusu lita: kijiko 1 cha chakula cha maji ya limau, au robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki.
- Chupa ya lita moja: vijiko 2 vya chakula vya maji ya limau, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki.

Kwa nini usitie yote kwenye sufuria ukakoroga? Kwa sababu simu italia, utasahau ulishatia au la, au kiasi cha pasata kitakuwa kimepungua kuliko ulivyokisia. Ndani ya chupa, kila moja ina uhakika wake.

Na kwa nini limau la dukani wakati una mti uani? Uchachu wa limau la mtini hubadilika kutoka tunda hadi tunda. La kiwandani limepimwa. Hili ndilo jambo pekee katika mwongozo huu ambalo dukani panashinda shambani.

Ladha ya limau haitasikika sana. Ikikusumbua, tia sukari kidogo siku ya kupika. Chumvi si lazima. Kwa kiasi kinachotiwa hapa haihifadhi kitu, ni ladha tu.

Karibu kila nyumba huku hutumbukiza jani la rehani la Kiitaliano katika kila chupa. Linapendeza machoni. Mimi naliweka siku ya kupika, likiwa bichi, kwa sababu jani lililokaa chupani miezi minane halina tena harufu ya kusifia.

## Hatua ya 7: Jaza na ufunge

Pasata iwe inachemka. Mimina kwa faneli na uache nafasi ya sentimita moja na nusu juu. Ukijaza mpaka mdomoni, rojo litafura likichemka, litasukuma kifuniko, na chembe zitakazobaki kwenye mpira zitazuia chupa isijifunge. Ukiacha nafasi kubwa mno, hewa itabaki na sehemu ya juu itageuka kahawia.

Zungusha kijiti cha mti au kisu cha plastiki pembeni ili mapovu ya hewa yapande. Kisha futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya moto. Usiruke hatua hii. Mbegu moja ndogo ya nyanya kwenye ukingo wa kioo inatosha kuiharibu chupa nzima.

Kaza kwa mkono mpaka kifuniko kikatae, basi. Usitafute kitambaa na mtu mwenye misuli. Hewa ya ndani inatakiwa ipate upenyo wa kutoka wakati wa kuchemka.

## Hatua ya 8: Chemsha chupa zilizojaa

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wale wanaogeuza chupa kichwa chini. Kugeuza kunaweza kuvuta kifuniko kikashika, na mtu akaridhika kwa kusikia ule mlio wa "tik". Lakini kifuniko kilichoshika si ushahidi kwamba ndani ni salama. Hewa iliyoingia wakati wa kujaza ilikuwa na mbegu za ukungu, na joto la rojo linaloendelea kupoa haliwezi kuzimaliza.

Tandika tambara chini ya sufuria ndefu. Panga chupa zikiwa zimesimama, na uchomeke matambara katikati ili zisigongane. Katika ua wa Kiitaliano, pipa zima hupangwa hivi kwa magunia na nguo kuukuu, moto wa kuni chini. Mimina maji ya moto, si ya baridi, mpaka yapite vifuniko kwa sentimita 3 hadi 5. Funika.

Saa inaanza kuhesabu maji yanapochemka kwa nguvu, si ulipowasha jiko. Maji yakipungua, ongeza yanayochemka. Mchemko ukikatika, hata kwa gesi kuisha, anza kuhesabu upya tangu sifuri.

Na hapa wenzangu wa nyanda za juu sikilizeni vizuri, kwa sababu dakika za Napoli si dakika za Iringa. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Nairobi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo:

- Mwinuko hadi mita 300 (Napoli, Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar): dakika 35 kwa nusu lita, 40 kwa lita moja.
- Mita 300 hadi 900 (Morogoro): dakika 40 na 45.
- Mita 900 hadi 1,800 (Dodoma, Kampala, Lubumbashi, Arusha, Bukavu, Kigali, Iringa, Mbeya, Nairobi): dakika 45 na 50.
- Zaidi ya mita 1,800 (Nakuru, Eldoret): dakika 50 na 55.

Ukiwa karibu na mpaka, fuata dakika nyingi. Baadhi ya vitongoji vya Nairobi vimevuka mita 1,800, na dakika 5 za ziada haziharibu pasata.

Wakati chupa zinachemka, kuna nusu chupa ya pasata iliyobaki ambayo haikujaa. Hiyo haihifadhiwi. Chemsha tambi, kaanga kitunguu saumu kwenye mafuta ya zeituni, na uwalishe waliokusaidia. Huku hakuna anayeondoka kabla ya sahani hiyo.

## Hatua ya 9: Zipoze bila kuzichokoza

Zima moto, funua sufuria, subiri dakika 5. Nyanyua chupa zikiwa wima na uzipange juu ya taulo kavu, zikiachana kwa upana wa vidole viwili, mbali na dirisha lenye upepo. Kwa pipa la kuni, Waitaliano huacha chupa ndani ya maji mpaka asubuhi, nayo ni njia nzuri.

Mwaka wangu wa kwanza niliziweka juu ya meza ya marumaru. Tatu zilipasuka kabla sijageuka, na bado nina doa kwenye dari. Jiwe, vigae na simenti ni adui wa kioo cha moto.

Ziache saa 12 hadi 24. Usikaze tena vifuniko, hata kama vinaonekana kulegea. Utaufungua mpira uliokwisha kushika. Utasikia "tik" moja moja, kila kifuniko kikivutwa ndani. Usiku ule ni muziki.

## Hatua ya 10: Kagua, andika, hifadhi

Kesho yake bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kikiwa kimezama na hakitikisiki, chupa imejifunga. Kikicheza juu na chini, haikujifunga: iweke kwenye friji utumie ndani ya siku chache, au igandishe. Ukitaka kuihifadhi tena, chemsha pasata upya, badilisha kifuniko na urudie Hatua ya 7 na ya 8 yote ndani ya saa 24.

Andika tarehe na mwaka. Weka mahali pa giza, pakavu na penye ubaridi. Tumia ndani ya mwaka mmoja, za zamani kwanza. Kabati la juu ya jiko ndilo baya kuliko yote.

Ukiona kuna wanaotumia chupa za bia na vizibo vya kubana, hiyo nayo ni desturi ya huku na inafanya kazi, ila kizibo cha bia hakikuonyeshi kwa kidole kama kimeshika. Kwa anayeanza, mdomo mpana ni salama zaidi.

## Ukitaka nyanya nzima

Zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha kwenye maji baridi, na ganda litavuka lenyewe. Weka asidi chupani kwa vipimo vilevile, shindilia nyanya mpaka maji yake yajaze mapengo, acha nafasi ya juu, funga.

Muda hapa ni mwingine kabisa: dakika 85 pwani, kwa nusu lita na lita moja sawasawa, 90 kwa mita 300 hadi 900, 95 mpaka mita 1,800, na 100 juu ya hapo. Nyanya ziliingia mbichi, na joto linachelewa kufika katikati ya tunda zima. Wengi waliopoteza nyanya nzima walizichemsha kwa dakika za pasata.

Zile nyanya zilizokaushwa juani na kulowekwa mafuta, za Puglia na Calabria, sizifundishi hapa. Mafuta hufukuza hewa bila kuongeza uchachu, yaani yanampa bakteria wa botulizimu nyumba anayoipenda. Huku hupitishwa kwanza kwenye siki. Ukizitengeneza, ziishi kwenye friji.

## Makosa ninayoletewa kila mwaka

Maji yamejitenga chini. Ulikata nyanya zote kabla ya kupika, au hukupunguza maji ya kutosha. Si hatari. Tikisa chupa na upike.

Pasata imepungua chupani baada ya kuchemshwa. Ulijaza kupita kiasi, au ulitoa chupa kwenye maji ghafla. Kama kifuniko kimeshika, ni salama. Usiifungue kuongeza.

Sehemu ya juu ni kahawia, kifuniko kimezama, hakuna harufu mbaya. Hewa ilibaki nyingi. Tumia chupa hiyo mapema.

Chupa zimepasuka zikichemka. Maji yalikuwa baridi na chupa za moto, au hukutandika tambara.

Kifuniko kimevimba, au rojo linatoa mapovu na kuruka ukifungua, au kuna ukungu. Tupa. Usionje "kidogo tu", usikwangue ukungu ukatumia cha chini, usimpe mbwa wala kuku. Funga ndani ya mfuko na uitupe mahali ambapo hakuna atakayeiokota, kisha osha mikono na meza.

## Siku ya kufungua

Kabla ya kugusa kifuniko, kitazame: bado kimezama? Ukifungua, usikilize hewa ikiingia ndani kwa pumzi fupi. Kama inatoka nje kwa nguvu, rudi kwenye aya iliyopita.

Pasata nzuri ni nyekundu mpaka juu, inanukia nyanya na si siki, na inamiminika kama uji mwepesi. Kaanga kitunguu, itie, iache ichemke dakika 10 au zaidi. Sasa ndipo vinapoingia vitunguu saumu, rehani, na huko nyumbani nazi na bizari, vyote ulivyovitamani Agosti nikakukataza. Iliyobaki chupani ikae kwenye friji, siku tatu hadi tano.

Kifuniko tupa. Chupa osha, kausha, irudishe kabatini.